RANGI MPYA HAIPONYI KUTU

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema: "Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi." Methali hii inalifaa gari kuukuu lililopakwa rangi mpya juu ya kutu. Miezi michache hung'aa. Mvua ikinyesha, rangi hufura na kubanduka. Fedha imepotea, na bati linazidi kuliwa.

Leo tutaona jinsi gari moja la zamani linavyotayarishwa nyumbani kabla ya kupakwa rangi upya.

GARI LENYEWE

Gari hilo ni Datsun 240Z la kampuni ya Nissan ya Japani. Ni gari la chini, lenye boneti ndefu, milango miwili na injini ya silinda sita. Mwaka 1971 gari la aina hii lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanzania. Dereva alikuwa Edgar Herrmann. Mwaka 1973 lilishinda tena, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Huenda wazee waliosimama kando ya barabara siku za Pasaka bado wanalikumbuka vumbi lake.

Sasa magari hayo yana umri wa miaka 50 na zaidi. Adui yake mkubwa ni kutu. Wako wenye magari hayo, huko Japani, Uingereza na Marekani, wanaoyatayarisha wenyewe nyumbani. Kupuliza rangi ni kazi ya saa chache. Kutayarisha huchukua wiki nyingi, na hapo ndipo fedha nyingi huenda.

HATUA ZA KAZI

1. Fungua. Toa betri kwanza. Kisha toa bampa, taa, vitasa na raba za vioo. Weka skrubu za kila sehemu katika kopo lake, na andika jina juu ya kopo. Hapa kujua kusoma na kuandika kunasaidia!

2. Osha. Tumia maji na sabuni, kisha futa mafuta yote kwa kitambaa chenye dawa ya kuondoa mafuta. Usianze na msasa. Msasa husukuma mafuta ndani ya mikwaruzo, na rangi haishiki penye mafuta.

3. Tafuta kutu. Datsun 240Z huoza zaidi chini ya betri, sakafuni, chini ya milango, na juu ya magurudumu. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa, uipitishe juu ya bodi. Isiposhika, hapo pana puti nene. Mara nyingi puti huficha tundu.

4. Ondoa kutu. Kwangua mpaka bati jeupe lionekane. Palipotoboka, kata sehemu iliyooza na uchomelee bati jipya. Usizibe tundu kwa puti. Puti hunyonya maji, na kutu huendelea kula kwa ndani.

5. Piga msasa. Anza na msasa mkali, namba 80 au 120. Maliza na laini, namba 400 au 600. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Funga msasa kwenye kibao ili usichimbe mashimo kwa vidole.

6. Paka praima. Hii ni rangi ya kwanza, inayoshika bati. Usiache bati tupu lilale usiku, wala usilishike kwa mikono yenye jasho. Praima nyingi hupitisha maji, kwa hiyo gari lisikae mvuani.

JIHADHARI

Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu. Likimwingia mtoto, hudhuru ubongo wake, na madhara hayo hayaondoki. Kwa hiyo piga msasa kwa maji, si kwa ukavu. Vaa kifaa cha kuzuia vumbi puani na mdomoni. Watoto wakae mbali. Usifagie vumbi likiwa kavu; lifute kwa kitambaa chenye maji. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za watoto. Nawa kabla ya kula.

Thina hushika moto upesi. Pasiwe na jiko wala sigara karibu. Na rangi zinazochanganywa na dawa ya kugandisha usizipulize nyumbani. Moshi wake huharibu mapafu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye chumba na vifaa maalumu.

NA SISI JE?

Ndugu msomaji, labda huna gari. Lakini unayo baiskeli, plau au geti la chuma. Kanuni ni ile ile: osha, kwangua, piga msasa, paka praima, kisha rangi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kutu ndogo ya leo ni tundu la kesho.

MASWALI

1. Kwa nini gari huoshwa kabla ya kupigwa msasa?
2. Sumaku inatuonyesha nini?
3. Utawalindaje watoto wako na vumbi la rangi ya zamani?