Nani alimuua Kapteni Alex? Filamu ya upelelezi inapogeuka kichekesho

Wengi wetu tuliijua sinema kwenye kibanda cha video. Jenereta inanguruma nje, ndani mabenchi yamejaa, na sauti ya mtafsiri inasikika kuliko ya waigizaji. Jambazi anafoka kwa lugha yake, DJ anamfokea kwa Kiswahili na kuongeza la kwake, watu wanavunjika mbavu. Dar es Salaam, Lufufu alipata jina kubwa kwa kazi hiyo, hata Titanic aliitafsiri. Leo tunaeleza kwa nini mzaha wa namna hii unachekesha, na jinsi fundi mmoja wa filamu nchini Uganda alivyoutumia.

Mpelelezi wa koti na kofia

Miaka ya 1940, Marekani ilitoa filamu nyingi za upelelezi zenye giza, mvua na vivuli. Wahakiki wa Ufaransa walizipa jina la "noir", yaani nyeusi. Mojawapo ni The Maltese Falcon ya mwaka 1941, ambamo Humphrey Bogart ni mpelelezi Sam Spade. Kanuni zake zinajulikana: mpelelezi amevaa koti na kofia, sigara haimtoki mdomoni, anakuja mwanamke mrembo mwenye siri, na kila mtu anadanganya. Mara nyingi mpelelezi mwenyewe anatusimulia kwa sauti nzito huku picha zikiendelea.

Kanuni zikishazoeleka, ni rahisi kuzifanyia mzaha. Mwaka 1982 Steve Martin alicheza Dead Men Don't Wear Plaid, kichekesho kilichochanganya picha mpya na vipande vya filamu zile za zamani.

Tuchukue mfano wa huku kwetu Ngumbo. Dagaa wameibwa kwenye kichanja. Anakuja mpelelezi ufukweni, jua la saa saba, amevaa koti zito na kofia. Anamhoji kila mvuvi kwa sauti nzito, jasho linamtiririka, na paka ameshiba pembeni yake. Hapo hatumcheki mwizi. Tunamcheka mpelelezi aliyeshika kanuni za kwingine zisizomfaa hapa.

Kapteni Alex wa Wakaliga

Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitoa filamu ya Who Killed Captain Alex?, yaani "Nani alimuua Kapteni Alex?" Ni filamu ya mapigano zaidi kuliko ya koti na vivuli, lakini jina lake ni swali la kipelelezi. Kapteni anatumwa kuliangamiza genge la Tiger Mafia. Usiku mmoja anauawa, kabla genge lenyewe halijamteka. Ndugu yake, bingwa wa kung fu, anakuja kulipiza kisasi.

Bajeti yake inatajwa kuwa haikuzidi dola 200 za Marekani. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, na helikopta zinaonekana wazi kuwa ni za kompyuta. Kwa kawaida mtazamaji angeguna. Hapa VJ Emmie, msimulizi mwenye kazi kama ya madijei wetu, anaingilia kati: anasifu kupita kiasi, anawatania waigizaji, anatangaza kwamba mambo makubwa yanakuja. Sauti iliyokuwa ya mpelelezi mzito sasa ni ya mcheshi. Filamu imejicheka yenyewe kwanza, na mtazamaji anacheka pamoja nayo.

Hilo ndilo tunalotaka kusisitiza. Umaskini wa vifaa haukufichwa, uligeuzwa kuwa sehemu ya utani.

Lakini umaskini huo ulikuwa na gharama yake. Nabwana alilazimika kufuta kompyuta yake ili apate nafasi ya kutengeneza filamu iliyofuata. Nakala isiyo na sauti ya VJ ikapotea, na iliyobaki ni yenye utani tu. Waigizaji waliuza DVD nyumba kwa nyumba, wakishindana na wanaonakili bila ruhusa.

Ukitaka kuitazama au kutengeneza yako

Filamu hii ipo YouTube. Waigizaji wanazungumza Kiganda na VJ anatumia Kiingereza. Ina urefu wa zaidi ya saa moja, hivyo angalia kifurushi chako kwanza.

Vijana wanaotaka kutengeneza filamu ya kuonyesha hadharani wanatakiwa kupata kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania kabla ya kuanza kupiga picha. Masuala ya haki za kazi yako yanashughulikiwa na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Na usiweke kazi yako yote kwenye simu moja. Hamishia nakala mahali pengine, simu isije ikazama ziwani pamoja nayo.

Na nani alimuua Kapteni Alex? Filamu inaisha bila kusema. Mpelelezi wa Ngumbo bado ana kazi, akimalizana na yule paka.