Majeshi ya Mezani na Bei ya Uaminifu

Mnamo Desemba 2024 kampuni ya Games Workshop ya mji wa Nottingham, ambayo kazi yake ni kutengeneza visanamu vya askari wa kubuni, ambavyo vingi havizidi kimo cha kidole, na kuvitungia kanuni za kupigania vita juu ya meza, iliingia katika orodha ya FTSE 100, yaani katika daraja la makampuni 100 yenye thamani kuu kuliko yote katika Soko la Hisa la London, ikaketi safu moja na mabenki na makampuni ya mafuta na madini. Jambo hili liliwastaajabisha watu wengi ambao hawakujua kwamba mchezo wa namna hiyo upo. Lakini waliostaajabu zaidi, na kwa uchungu, ni wachezaji wa siku nyingi ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakilalamika kwamba bei zimepanda hata hazivumiliki, kwamba rafiki zao mmoja baada ya mmoja wamekwisha kuuaga mchezo, na kwamba mapenzi waliyokuwa nayo kwa kampuni hiyo tangu utoto yamepoa. Yawezekanaje biashara ineemeke ilhali wale walioilea wanaikimbia?

Kwa msomaji asiyewahi kuuona mchezo wenyewe, yafaa nieleze kwanza jinsi unavyochezwa. Wachezaji wawili hukabiliana katika meza yenye urefu wa futi sita hivi na upana wa futi nne, iliyopambwa kwa vilima, magofu na miti ya bandia. Kila mmoja huja na jeshi lake, ambalo amelinunua vipande vipande, akaliunga kwa gundi, akalipaka rangi kwa brashi nyembamba usiku baada ya usiku. Kisha hupokezana zamu, huyu akisogeza askari wake kwa kipimo cha utepe, yule akirusha dadu kujua nani ameanguka na nani amenusurika. Ili pambano liwe la haki na insafu, kila askari amewekewa thamani yake ya alama, na wachezaji huafikiana mapema kwamba jeshi la kila mmoja lisizidi jumla fulani, mathalan alama 2,000. Naomba msomaji aihifadhi hesabu hii ya alama, maana ndani yake imo siri mojawapo ya gharama tunazozizungumza.

Asili ya mchezo ni ya zamani na ya heshima. Katika mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, von Reisswitz, akiendeleza kazi iliyoanzwa na baba yake, alilipatia jeshi la mfalme wake mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, na maofisa wakausoma kama sehemu ya elimu yao. Na katika mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars, kilichowaonyesha Waingereza namna ya kupigana sakafuni kwa askari wa madini na vizinga vya springi. Baadaye, 1962, akaja Donald Featherstone na kitabu chake War Games, wakati ambapo masanduku ya askari wadogo wa plastiki wa Airfix yalikuwa yakiuzwa kwa bei ambayo hata mtoto aliimudu. Katika zama hizo mchezo haukuwa na mwenyewe. Askari ungeweza kumnunua kwa fundi umpendaye, kanuni ungeweza kuziazima maktaba au kuzitunga mwenyewe pamoja na jirani yako, na hali ilikuwa kama ya bao letu, ambalo hakuna tajiri yeyote awezaye kuwatangazia wazee wa Unguja kwamba kuanzia mwezi ujao kete zao za zamani hazitambuliwi.

Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975 na vijana watatu, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake. Mwaka 1979 ilishiriki kuunda Citadel Miniatures, karakana ya visanamu iliyoongozwa na Bryan Ansell katika mji wa Newark, usio mbali na Nottingham. Mwaka 1983 ikatoa Warhammer, mchezo wa mashujaa, wachawi na mazimwi. Na mwaka 1987 ikatoa Warhammer 40,000, kazi ya Rick Priestley, unaosimulia vita visivyokoma katika milenia za mbele, ambao hadi leo ndio nguzo ya biashara yote. Busara ya kampuni (na ni busara kweli, hata kama imekuja kuwaudhi wengi) ilikuwa kuyaunganisha mambo matatu yaliyokuwa yametengana: kiwanda, kitabu cha kanuni na duka. Askari hutoka katika kalibu zake, kanuni huwataja askari hao peke yao, na duka lenye jina lake ndipo mahali ambapo kijana hufundishwa kupaka rangi na kupata mwenzi wa kucheza naye.

Tuje kwenye bei. Katika mwaka 1987 sanduku la kwanza la plastiki la askari mashuhuri wa mchezo huo, wale wanaoitwa Space Marines, lilikuwa na askari 30, nalo likiuzwa chini kidogo ya pauni 10. Leo sanduku la kawaida la askari wa jina hilo lina 10, na bei yake imepita pauni 35. Kwa hiyo askari mmoja, aliyekuwa akipatikana kwa thuluthi ya pauni, sasa hupatikana kwa zaidi ya pauni tatu na nusu, na kupanda huko kunazidi mara kumi, ilhali bei za vitu kwa jumla huko Uingereza tangu mwaka ule zimepanda takriban mara tatu hadi nne. Insafu inatutaka tuseme pia kwamba askari wa leo si yule wa zamani: ni mkubwa zaidi, amechongwa kwa kompyuta kwa ustadi ambao mafundi wa 1987 wasingeuota, na ukimweka kando ya babu yake utamhurumia babu.

Watu wengi hudhani kwamba wanalipia plastiki, na kwa hiyo huona wamedhulumiwa, maana plastiki ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika biashara hii. Gharama iko katika kalibu ya chuma, ambayo hukatwa kwa mashine kwa vipimo vya unywele, na ambayo lazima ilipiwe yote kabla hata kisanamu cha kwanza hakijauzwa. Iko katika mishahara ya wachongaji na wachoraji. Na iko katika uamuzi wa kampuni wa kuendelea kutengeneza visanamu vyake Nottingham, wakati washindani wengi wamepeleka kazi zao China. Lakini hata baada ya kuyahesabu hayo yote, vitabu vya hesabu vya kampuni yenyewe vinaonyesha kwamba katika miaka ya karibuni, kwa kila pauni 100 za mauzo, takriban 70 hubaki baada ya kutoa gharama ya bidhaa zilizouzwa. Kutokana na hizo hulipwa maduka, ofisi na wafanyakazi wa nyuma ya pazia, na bado faida inayosalia ni ya kuhusudiwa. Basi, asemaye kwamba bei zimepanda kwa sababu ya gharama tu hakusema uongo, ila ameacha sehemu kubwa ya kweli.

Na bei iliyoandikwa juu ya sanduku ni nusu tu ya hesabu, kwa maana mchezaji hanunui askari mmoja, hununua jeshi, na ukubwa wa jeshi huamuliwa na zile alama nilizozitaja. Katika toleo la pili la kanuni, la mwaka 1993, Space Marine wa kawaida alihesabiwa kwa alama 30. Katika toleo la tatu, la mwaka 1998, akahesabiwa kwa 15. Kwa kalamu hiyo moja jeshi la alama zile zile lilihitaji askari mara mbili, wala hapakuwa na bei yoyote iliyopandishwa dukani. Sidai kwamba watungaji walikusudia hila. Mchezo wa askari wengi una raha yake, na vijana waliupenda. Nasema tu kwamba mfuko wa mnunuzi hauulizi nia.

Kisha kuna matoleo yenyewe. Toleo la nane lilikuja 2017, la tisa 2020, la kumi 2023, na mawili kati ya hayo, la nane na la kumi, yalivifuta vitabu vya majeshi vya matoleo yaliyotangulia. Wachezaji wa jeshi liitwalo World Eaters walisubiri kitabu chao kwa miaka mingi, wakakipata Februari 2023, na ilipofika Juni ya mwaka ule ule toleo la kumi likatoka, na kurasa za kanuni walizozilipia zikawa za makumbusho. Ni kweli kwamba kampuni iligawa kanuni za muda bila malipo. Lakini aliyenunua kitabu kwa bei kamili miezi minne kabla hakufarijika sana kwa kupewa bure kile kilichokifuta kitabu chake. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kidonda, kwa sababu mtu huweza kuvumilia kulipa ghali kwa kitu cha kesho, walakini ni wachache wanaovumilia kuona kitu walichokwisha kukilipia jana kikiondolewa thamani.

Mchumi Albert O. Hirschman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, alieleza kwamba mteja asiyeridhika ana njia mbili, ama kuondoka ama kupaza sauti, na kwamba uaminifu ndio unaomchelewesha asiondoke upesi. Ukiutumia mwanga huo kuutazama mchezo wetu, utaona kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoitwa uaminifu ilikuwa kufungika. Mtu mwenye jeshi la pauni 1,000 kabatini, lililompotezea majira matatu ya baridi kulipaka rangi, na ambaye wenzake wote anaokutana nao klabuni kila Alhamisi wanacheza mchezo huo huo, hakai kwa sababu anaipenda kampuni. Anakaa kwa sababu akiondoka ataondoka peke yake na mikono mitupu. Mapenzi yake ya kweli ni kwa wale wenzake na kwa kazi ya mikono yake.

Mwaka 2015 kampuni ilijaribu kukata kamba hiyo kwa mkono wake. Iliuangamiza ulimwengu wa Warhammer ya 1983 katika hadithi zake, mahali pake ikaweka mchezo mpya, Age of Sigmar, na majeshi yaliyopangwa safu kwa safu kwa miaka thelathini yakajikuta hayana vita vya kupigana. Mchezaji mmoja aliliteketeza jeshi lake kwa moto mbele ya kamera, na dunia nzima ya wachezaji ikamwona. Wengine hawakuchoma kitu. Walihamia kimya kimya kwa Mantic, kampuni ya Nottingham iliyoanzishwa 2008 na mtu aliyetoka Games Workshop, ambayo mchezo wake Kings of War uliwakaribisha mayatima hao pamoja na askari wao wa zamani. Warlord Games, nayo iliyoanzishwa 2007 na watu wa huko huko, iliwavuta wapenda historia. Ulimwengu ulioangamizwa ulirudishwa Januari 2024 kwa jina la The Old World, jambo ambalo ni kukiri makosa bila ya kutamka neno.

Mlango mwingine umefunguliwa na mashine za nyumbani za kuchapa maumbo kwa resini, ambazo huuzwa kwa bei isiyozidi ya masanduku machache ya askari. Wachongaji wanaojitegemea huuza michoro yao kwa ada ya mwezi, kanuni za bure zinapatikana, na kile kizuizi kikuu, kalibu ya chuma, hakimzuii tena mtu. Nisimdanganye msomaji: resini mbichi ni sumu, hudhuru ngozi, na chumba chake kinataka dirisha wazi na glavu, si kazi ya kufanyiwa jikoni. Lakini mateka mwenye ufunguo si mateka tena, hata kama hajautumia.

Mbona basi hesabu zimenawiri? Mauzo ya kampuni, yaliyokuwa takriban pauni milioni 118 katika mwaka wa fedha ulioishia 2016, pamoja na mapato ya leseni yalipita milioni 600 katika ule ulioishia 2025, na faida kabla ya kodi ilizidi milioni 260. Jibu ni kwamba waingiao ni wengi kuliko watokao. Michezo ya video kama Space Marine 2, iliyotoka Septemba 2024, imewafikisha mlangoni watu ambao hawakuwahi kushika brashi, na kijana mwenye mshahara wa kwanza huenda akanunua zaidi ya mkongwe, kwani mkongwe ana jeshi tayari. Mhasibu haoni hasara anapoondoka mtu ambaye alikwisha kuacha kununua. Asichokiona ni kwamba mkongwe huyo ndiye aliyefungua ukumbi, aliyeleta meza na vilima, aliyemfundisha mgeni kanuni bila ujira. Hatari ya kumpoteza mtu huyo imekwisha kuonekana kwingine: Marekani kulikuwa na mchezo uitwao Warmachine, ulioanza 2003 na kwa muda ukawa mshindani wa kuogopwa. Toleo lake la 2016 liliwachosha wachezaji, vikundi vya kucheza vikapungua, na vikundi vikipungua kila aliyebaki hukosa wa kucheza naye, hata mnamo 2024 waanzilishi wakauuza kwa kampuni nyingine. Games Workshop iko mbali na hatima hiyo, lakini umbali huo unalindwa na watu ambao haiwalipi.

Kwa mzazi anayezungumza Kiswahili aliyeko Uingereza, ambaye mwanawe amemwomba sanduku la kwanza, nina shauri fupi. Asinunue kitabu cha kanuni wala jeshi zima. Kwanza aende na mtoto kwenye klabu iliyo karibu, aulize wanacheza nini siku hizi na nani yuko tayari kumfundisha mgeni, na aombe mtoto aazimwe askari kwa mchezo mmoja au miwili. Wakongwe hupenda kuazimisha. Kanuni za kuanzia za Warhammer 40,000 hutolewa bure. Sanduku dogo moja, rangi tano na brashi mbili zinatosha kwa miezi mitatu, na baada ya hapo mtoto mwenyewe atajua kama anataka jeshi, au alitaka tu mahali pa kukaa na wenzake.