Barabara si ya magari pekee

JIONI ya Ijumaa, Juni 30, 2023, lori lililokuwa likitoka upande wa Nakuru kuelekea Kericho liliacha njia katika makutano ya Londiani na kuwavamia watu waliokuwa kando ya barabara. Watu 52 waliaga dunia. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi waliokuwa kwenye biashara zao, wahudumu wa bodaboda na abiria waliokuwa wakingojea magari.

Baada ya mkasa huo, lawama zilielekezwa pande mbili. Wapo waliomlaumu dereva na hali ya lori, na wapo waliouliza ni kwa nini soko liliruhusiwa kuota pembeni mwa barabara kuu. Serikali nayo iliagiza wachuuzi waondolewe kando ya barabara kuu nchini. Pande zote zilikuwa na hoja, ila mzigo wa lawama haukustahili kuwa sawa.

Kwa miaka mingi Kenya imeutazama usalama barabarani kama suala la matatu na mabasi. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zililazimisha magari ya abiria kuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Zilikuwa hatua za maana, ila zilimlinda hasa yule aliyekwisha kuingia garini. Aliye nje ya gari hakuvishwa mkanda. Mwaka 2024 zaidi ya watu 4,700 waliuawa katika barabara za humu nchini, na zaidi ya thuluthi moja walikuwa wakienda kwa miguu.

Sababu kubwa ni mwendo. Gari linaloenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto amejitokeza ghafla, huhitaji sekunde moja na nusu hivi kabla mguu wake haujaikanyaga breki sawasawa. Kufikia hapo gari limekwisha kula mita 33. Hadi lisimame kabisa juu ya lami kavu, litakuwa limetumia karibu mita 70. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio upeo unaoruhusiwa na Sheria ya Trafiki mijini na katika vituo vya biashara, umbali huo hupungua hadi mita 35 hivi. Kwa hivyo dereva apitaye sokoni kwa kasi ya barabara kuu huwa ameshajinyima nafasi ya kumwokoa mtu, hata awe stadi kiasi gani.

Mwendesha baiskeli yuko katika hali ngumu zaidi ya wote, maana hana mahali pake. Lori likimpigia honi kwa nyuma, hulazimika kushuka pembeni, na aghalabu ukingo wa lami umekatika na kuacha shimo linaloweza kumwangusha chini ya magurudumu. Dereva anayempita anapaswa kumwachia nafasi ya kuyumba. Hata hivyo, mkulima anayepeleka maziwa alfajiri bila taa wala kiakisi mwanga anamdai dereva amwone asichoweza kukiona. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye bodaboda apakiaye abiria watatu na kupenya upande usio wake.

Anayekwenda kwa miguu naye ana wajibu. Pasipo na njia ya miguu, atembee upande wa kulia ili ayakabili magari yanayomjia, kwani humu nchini magari hupita kushoto. Asivuke kwa kujitokeza mbele ya matatu iliyosimama, maana dereva anayeipita hamwoni hadi dakika ya mwisho.

Lakini si kila anayevuka pasipofaa ni mkaidi. Katika barabara ya Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, magari hupita kwa safu kadhaa kila upande, na bado wapo wanaokimbia kuvuka ilhali daraja la wapita njia linaonekana. Ukiwauliza, watakutajia umbali wa kulifikia wakiwa na mizigo na hofu ya kuporwa huko juu usiku. Makanga naye akimshusha abiria mbali na kituo, huwa amemchagulia mahali pa kuvukia.

Mijini, kivukio cha milia kinamtaka dereva asimame mtu akishaanza kuvuka. Katika maeneo mengi, hata hivyo, rangi ya milia hiyo imefifia kiasi kwamba dereva mgeni hukipita asijue, naye mtoto wa shule aliyefunzwa kuvukia hapo huingia barabarani akiamini kwamba gari litasimama.