Picha Kamili kutoka Vipimo Vichache

Mtoto anapoingizwa kwenye mashine ya MRI huambiwa jambo moja gumu: atulie. Kipimo kinaweza kuchukua nusu saa au zaidi, na akijitikisa picha huharibika. Ndiyo maana watoto wadogo mara nyingi hupewa dawa ya usingizi, nayo ina hatari zake. Je, kipimo kinaweza kufupishwa? Hilo ni swali la uchakataji wa mawimbi, yaani elimu ya kupima sauti, picha na mawimbi mengine na kuyafanyia hesabu.

MRI hupokea mawimbi ya redio yatokayo kwenye hidrojeni ya mwili, sehemu kwa sehemu. Hapo ndipo muda unapokwenda. Kanuni ya zamani, iliyoelezwa na Claude Shannon mwaka 1949, inadai vipimo visipungue mara mbili ya mitetemo ya juu kabisa ya wimbi. Sikio la binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na CD hubeba vipimo 44,100 kwa sekunde.

Mwaka 2006 Emmanuel Candès, Justin Romberg na Terence Tao, na pia David Donoho, walionyesha kwamba mara nyingine vipimo vichache zaidi vinatosha. Ukituma picha kwa simu, programu hutupa sehemu kubwa ya data na bado sura inatambulika. Basi, kwa nini tupime vyote kisha tutupe? Tupime vichache, vilivyotawanywa bila mpangilio, kisha kompyuta itafute picha iliyo rahisi kuliko zote inayokubaliana navyo. Candès aliyaeleza haya mwaka huohuo mbele ya Kongamano la Kimataifa la Wanahisabati, Madrid. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu njia hii itumike kupiga picha za moyo.

Siku hizi watafiti hutumia pia akili bandia kujaza yasiyopimwa. Hapo panahitaji tahadhari. Mwaka 2020 Vegard Antun, Anders Hansen na wenzao walionyesha kwamba badiliko dogo katika vipimo huweza kuifanya mifumo hiyo ichore kisichokuwepo, au ishindwe kuonyesha kitu kidogo kama uvimbe. Picha inaweza kuwa safi na isiwe ya kweli.

Kwa hiyo, kabla daktari hajaitegemea, njia ya haraka yapaswa kulinganishwa na picha zilizopimwa kikamilifu. Mtoto anahitaji kipimo kifupi, lakini zaidi anahitaji kipimo kisemacho kweli.