Lawama ya Mteja ni Kioo cha Kinyozi

Wahenga walinena kuwa kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Kama vile asivyokiona kisogo chake, ndivyo asivyoyaona makosa ya mkono wake mpaka aambiwe na yule aliyekaa kitini. Kwa hiyo lawama ya mteja si tusi, ni kioo.

Inasikitisha kwamba baadhi ya vinyozi wetu, Unguja na Pemba, wakilaumiwa huwa wepesi wa kujitetea. Upande mmoja ukizidi mwingine, mteja huambiwa kuwa alitikisika. Kidevu kikitoka vipele, husemwa ngozi yake ndiyo mbaya. Hali ukweli ni kuwa nywele za kipilipili zikinyolewa kwa kukandamiza wembe na kinyume cha uoto wake, ncha zake hurudi ndani ya ngozi na kuzusha vipele. Dawa ipo: kunyoa kwa kufuata uoto wa nywele, kwa mkono mwepesi. Lakini hujifunza hayo yule tu aliyekubali kusikiliza.

Nywele zilizoharibiwa huota tena. Damu ni jambo jingine. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7, hata katika damu iliyokwisha kukauka juu ya wembe. Kinyozi aliyemkata mteja, akapangusa kimyakimya na kuendelea, humhatarisha pia yule anayesubiri zamu yake. Uungwana ni kusema papo hapo, "Nimekukata, niwie radhi". Kisha asimamishe kazi, aoshe jeraha, autupe wembe mahali pa salama, wala mashine isimguse mwingine kabla ya kusafishwa na kutiwa dawa.

Maafisa wa afya nao wana sehemu yao. Wakimwadhibu aliyekiri sawasawa na aliyeficha, watawafundisha vinyozi kuficha. Yafaa wawe wakali kwa wembe uliorudiwa, na wapole kwa aliyesema kweli akajirekebisha. Na wateja walaumu kwa adabu, wakiwa bado kitini, si barazani baada ya kuondoka.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Kinyozi akiripo kosa hapungukiwi na heshima. Mteja atarudi, kwa kuwa shingo yake ameikabidhi kwa msema kweli.