MELI ZA ABIRIA ZILIZOBEBA ASKARI VITANI: TUTAZITAMBUAJE?



Katika koo nyingi za Afrika ya Mashariki alikuwapo mtu aliyekwenda Vita ya Pili ya Dunia, ile ya mwaka 1939 hadi 1945. Wengi wa wazee hao hawapo tena. Wameacha medali, barua moja mbili, au picha iliyofifia. Picha nyingine ni ya meli kubwa ya kijivu, na askari wamejaa juu yake kama siafu. Wajukuu wanauliza: Hii ni meli gani? Ni manowari? Ilimpeleka wapi babu? Na yule ndugu yake ambaye hakurudi, alizama na meli ipi?

Maswali hayo si ya bure. Mtu aliyefia baharini hana kaburi ambalo watoto wake wanaweza kulipalilia. Jina la meli ndilo linaloonyesha mahali alipolala. Leo basi tutaeleza meli hizi zilikuwa za namna gani, na mtu afanye nini ili azitambue.

KWA NINI MELI ZA ABIRIA?

Jeshi ni watu maelfu kwa maelfu. Wakati ule ndege za kubeba watu wengi hivyo hazikuwapo. Manowari haina nafasi, maana imejaa mizinga na mitambo. Meli ya mizigo ina nafasi, lakini haina majiko, vyoo wala maji ya kutosha watu wengi. Meli ya abiria ilikuwa na vyote hivyo, tena nyingi zilikuwa na mwendo mkali.

Kwa hiyo vita vilipoanza serikali zilizichukua meli hizo. Mafundi wakaingia ndani. Wakatoa mazulia, viti vizuri na vioo vya kujitazamia. Wakaweka vitanda vya kupandana, kimoja juu ya kingine, na vitanda vya nguo vya kuning'iniza. Juu wakafunga mizinga michache.

Chukueni mfano wa Queen Mary, meli ya Waingereza. Wakati wa amani ilibeba abiria kama 2,000. Mwezi wa Julai 1943 ilitoka New York, Marekani, kwenda Uskoti ikiwa na watu 16,683, askari pamoja na mabaharia. Hao ni watu wa vijiji kadhaa, wote ndani ya meli moja! Walilala kwa zamu: huyu akiamka, mwingine anaingia kitandani.

AINA TATU, TUSIZICHANGANYE

Meli ya abiria iliyochukuliwa vitani iliweza kufanywa mojawapo ya vitu vitatu.

Ya kwanza ni meli ya hospitali. Hii ilipakwa rangi nyeupe, ikawa na mstari wa kijani ubavuni na misalaba mikubwa myekundu. Usiku iliwashwa taa ili ionekane. Sheria ya mataifa inakataza kuishambulia. Nayo hairuhusiwi kubeba askari wa kupigana.

Ya pili ni meli ya abiria iliyofanywa manowari. Hii ilifungwa mizinga mikubwa mbele, nyuma na ubavuni. Kazi yake ilikuwa kulinda misafara ya meli nyingine. Mojawapo ni Jervis Bay. Mwezi wa Novemba 1940, katika bahari ya Atlantiki ya Kaskazini, ilipambana peke yake na manowari ya Wajerumani, Admiral Scheer, ili meli ilizokuwa ikizilinda zipate kutawanyika. Jervis Bay ilizama, lakini meli nyingi za msafara wake ziliokoka.

Ya tatu ndiyo tunayoitafuta: meli ya kubeba askari. Hii haina msalaba, na mizinga yake ni michache. Sheria haiilindi. Adui akiiona ana ruhusa ya kuizamisha.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mkiwa na picha mkononi, tazameni mambo haya.

1. Umbo. Meli ya abiria ina safu nyingi za madirisha madogo ya duara ubavuni, na juu ya sitaha kuna vyumba kama nyumba ya ghorofa. Manowari haina madirisha mengi hivyo.

2. Dohani, yaani mabomba makubwa ya moshi. Zihesabuni. Aquitania ilikuwa na dohani nne, Queen Mary tatu, Queen Elizabeth mbili. Hesabuni na milingoti pia.

3. Rangi. Wakati wa amani kila kampuni ilipaka dohani zake rangi yake, kama mtu anavyotia ng'ombe wake alama. Wakati wa vita alama hizo zilifutwa, meli ikapakwa kijivu kuanzia juu mpaka chini. Lakini mkiona meli imepakwa mabaka na mistari kama punda milia, huenda picha hiyo ni ya Vita ya Kwanza, ya 1914 hadi 1918. Rangi ile haikuwa ya kuificha meli. Ilikuwa ya kumchanganya adui, asijue meli inaelekea wapi wala inakwenda mbio kiasi gani.

4. Mizinga. Tazameni nyuma ya meli, yaani tezi. Mara nyingi mtaona mzinga mmoja umesimama huko, na midogo ya kupigia ndege juu.

5. Mashua na maboya. Watu wakiongezeka, vya kuokolea navyo vinaongezeka. Mtaona maboya yamepangwa ubavuni na juu ya sitaha. Kama mahali pa mashua za kawaida pananing'inia mashua bapa za kushushia askari ufukweni, basi meli hiyo ilikuwa ya kushambulia pwani.

6. Jina na herufi. Jina ubavuni mara nyingi lilifutwa. Lakini likiandikwa kwenye barua au cheti, tazameni herufi zilizotangulia. H.M.S. ni meli ya Jeshi la Majini la Uingereza. H.M.T. ni meli iliyochukuliwa na Waingereza kubeba askari. U.S.S. ni ya Jeshi la Majini la Marekani. Katika orodha ya Wamarekani, herufi AP na namba zilionyesha meli ya kubeba watu. Meli yao ya abiria America, kwa mfano, ilipoingia jeshini mwaka 1941 iliitwa West Point, AP-23.

DALILI MOJA HAITOSHI

Ngojeni kwanza. Msikimbilie kusema "tumeipata" kwa sababu ya dalili moja tu. Meli hubadilishwa jina, tena hubadilishwa hata sura.

Mfano wa karibu uko katika ziwa Tanganyika. Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Vita ya Kwanza ilipofika, Wajerumani waliifunga mizinga na kuitumia kubeba askari ziwani. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Anayetafuta habari za Liemba katika vitabu vya 1915 hataona kitu. Lazima atafute Goetzen.

Au tazameni jina la Mount Vernon. Meli mbili za kubeba askari za Marekani zilikuwa na jina hilo. Ya kwanza ilikuwa meli ya Wajerumani, Kronprinzessin Cecilie, iliyokamatwa na Wamarekani mwaka 1917. Ya pili ilikuwa meli yao wenyewe, Washington, iliyoingia jeshini mwaka 1941. Tutazitenganishaje? Ya kwanza ina dohani nne, ya pili mbili. Jina linatupoteza, dohani zinatuokoa.

Sasa tuje pwani yetu. Kampuni ya British India ilikuwa na meli mbili za abiria, Kenya na Karanja, zilizofanya safari kati ya Bombay, bandari za Afrika ya Mashariki na Durban. Zilichukuliwa vitani zote mbili. Lakini jeshi la majini lilikuwa tayari na manowari iitwayo Kenya. Kwa hiyo meli ya abiria ikapewa jina jingine, ikaitwa Keren. Mwezi wa Mei 1942 Keren na Karanja zilipeleka askari kuteka Diego Suarez, huko Madagaska. Karanja ilipigwa na ndege mwezi wa Novemba mwaka huo huo, ikazama pwani ya Algeria. Keren ilipona. Baada ya vita iliuzwa kwa kampuni nyingine, ikatengenezwa upya, ikaitwa Castel Felice. Meli ni ile ile, majina mbalimbali.

KHEDIVE ISMAIL

Ipo meli moja ambayo kila mtu wa Afrika ya Mashariki anafaa kuijua.

Ilijengwa Uskoti mwaka 1922 kwa kampuni ya nchi ya Chile, ikaitwa Aconcagua. Mwaka 1935 iliuzwa Misri, ikapewa jina la Khedive Ismail. Vita vilipokuja Waingereza waliichukua kubeba askari. Kwa meli za aina hii haikuwa kubwa.

Mapema Februari 1944 iliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, katika kisiwa ambacho sasa tunakiita Sri Lanka. Ilikuwa katika msafara wa meli tano za askari, zikilindwa na manowari. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 walikuwa wa kikosi kimoja cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, Kikosi cha 301. Walikuwamo pia mabaharia, wauguzi na wanawake wengine wa jeshi.

Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 iliipiga kwa topido mbili. Watu wengi walikuwa chini, wengine wakisikiliza muziki baada ya chakula. Meli ilizama kabla ya dakika mbili kwisha. Hebu fikirieni: ni muda wa kufunga kamba za viatu tu. Aliyekuwa chini kabisa hakuwa na njia ya kutokea.

Halafu likaja jambo zito. Manowari mbili za Waingereza, Petard na Paladin, ziliitafuta nyambizi hiyo. Lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Ikiachwa, ingeweza kupiga meli nyingine zenye maelfu ya watu. Manowari zikatupa mabomu ya majini, na baadhi ya watu waliokuwa wakiogelea wakafa kwa mabomu hayo. Mwishowe nyambizi ilizamishwa. Waliokufa katika Khedive Ismail ni watu 1,297, wakiwamo wanawake 77. Waliookoka ni 214 tu.

Majina ya askari wa Afrika ya Mashariki waliopotea nayo yameandikwa katika mnara wa kumbukumbu uliopo kwenye makaburi ya vita mjini Nairobi. Mnara huo ndio unaoshika nafasi ya kaburi lao.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, geuzeni picha nyuma. Huenda kuna tarehe, jina la bandari au mhuri.

Pili, tafuteni namba ya askari na jina la kikosi chake. Viko kwenye vyeti vya jeshi, barua na karatasi za malipo.

Tatu, waulizeni wazee: Aliondoka lini? Wakati wa mavuno au wa masika? Alipandia meli bandari gani? Barua yake ya mwisho ilitoka wapi?

Nne, linganisheni. Mtu wa Kikosi cha 301 cha mizinga, aliyeondoka Mombasa Februari 1944 na hakurudi, dalili zake zinaelekea Khedive Ismail. Lakini askari wa Keya aliyeandika barua kutoka Burma mwishoni mwa 1944 hakuzama na meli hiyo, hata watu wakisema hivyo. Tarehe haziongopi kama zimeandikwa vizuri. Mkishapata dalili mbili tatu zinazokubaliana, tafuteni jina lake katika orodha ya mnara.

Tano, andikeni. Chukueni penseli, mwandike nyuma ya picha pole pole, msikandamize: nani, lini, wapi. Msitumie wino, maana hupenya na kuharibu. Msibandike picha kwa gundi ukutani. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika ukubwani tunajua hasara ya habari inayokaa kichwani mwa mtu mmoja. Siku mtu huyo akizikwa, nayo inazikwa.

MANENO MAGUMU

Manowari: meli ya kivita.
Nyambizi: meli inayokwenda chini ya maji.
Topido: kombora linalopita ndani ya maji.
Msafara: meli nyingi zinazokwenda pamoja zikilindwa.
Sitaha: sakafu ya juu ya meli.
Tezi: sehemu ya nyuma ya chombo.
Keya: jeshi la King's African Rifles.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Meli ya hospitali na meli ya askari zinatofautianaje?
2. Kwa nini jina peke yake halitoshi kuitambua meli?
3. Manowari zilitupa mabomu mahali palipokuwa na watu majini. Mngekuwa ninyi manahodha mngefanyaje?
4. Katika kijiji chenu ni akina nani waliokwenda vitani? Nani hakurudi? Habari zake zimeandikwa wapi?