Kocha na neno lake

Kocha hupimwa siku timu yake inapopigwa. Tarehe 31 Januari 2015, kule Bata, katika robo fainali ya Kombe la Afrika, Kongo-Brazzaville ilitutangulia 2-0. Zilibaki dakika zisizofika 30. Vijana wa Florent Ibenge walishinda 4-2, wakamaliza mashindano wakiwa wa tatu.

Kazi ya kocha ni mbili: kuona kinachoharibika, na kukisema kwa namna ambayo mchezaji ataelewa mara moja. Uwanjani hakuna hotuba; makelele humeza sentensi ndefu. Kwa hiyo lugha hutayarishwa mazoezini, mpaka neno moja au ishara ya mkono itoshe. Asiyeijenga mapema, hata akiona kosa, atapiga kelele bure.